Kiapo Kilipokuwa Kikiliwa

Katika vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, katikati ya karne ya 19, mtu aliyeshukiwa wizi au uchawi hakufikishwa mbele ya hakimu mwenye joho. Alifikishwa kwenye kiapo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alieleza viapo vya watu tunaowaita leo Wamijikenda katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1860. Palikuwa na kiapo cha shoka: chuma kiliwekwa motoni hadi kikawa chekundu, kisha kikapitishwa kiganjani mwa mshukiwa. Palikuwa na cha chungu, ambapo mkono ulitumbukizwa mahali pa moto, na cha sindano, ambapo sindano iliyochomwa moto ilipenya mdomoni. Asiye na hatia, waliamini, haungui. Na palikuwa na kiapo cha kipande cha mkate. Hicho mshukiwa alipewa ale. Akimeza salama, amesafika. Kikimkwama kooni, mbele ya wazee na jamaa na majirani waliosimama wakimtazama shingo, basi hukumu imekwisha kutoka.

Viapo vya kula na kunywa vilienea mahali pengi Afrika Mashariki, na Rabai ni mahali pamoja tu miongoni mwa palipoandikwa mapema. Lakini ukishaisoma habari ile, kauli ya "kula kiapo" haiwi tena kitendawili. Leo rais anasimama uwanjani, ameshika kitabu kitakatifu, anatamka maneno na kutia saini. Hakuna kinachoingia kinywani. Hata hivyo, magazeti ya Nairobi na ya Dar es Salaam kesho yake huandika kwamba amekula kiapo, na hakuna msomaji anayeuliza kilikuwa na ladha gani.

Darasani tulifundishwa kwamba nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Ni kweli, ila ni nusu tu ya kweli. Inaacha swali lililo muhimu zaidi: basi maana hiyo imetoka wapi? Jibu langu ni kwamba, katika nahau nyingi, imetoka kwenye tendo. Watu walifanya jambo fulani pamoja, wakalirudia vizazi na vizazi, likapata jina la maneno mawili. Baadaye tendo lilikufa na jina likabaki, likiwa limebeba uzito wote wa tendo lile. Historia ya nahau za Kiswahili ni historia ya mambo yaliyofanywa, na pia ya watu waliojua yalifanywaje, ambao mara nyingi hatuwataji.

Krapf mwenyewe alianza kazi ya Kiswahili akiwa na msiba. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na mwezi wa Julai homa ikamchukua mke na mtoto mchanga. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin. Tulitazame jambo hili vizuri: tafsiri ya Biblia ya Kikristo ilianza ikiongozwa na kadhi wa Kiislamu, kwa sababu yeye ndiye aliyejua lugha ilivyofumwa. Kamusi ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya mwenyewe kufariki. Ni kitabu kinene chenye mifano tele ya sentensi zilizosikika Mvita, yaani Mombasa. Lakini kilifuata desturi ambayo kamusi zetu zingali nayo hadi leo: kila neno na mstari wake. Kauli ya maneno mawili haina kwake. Inabanwa chini ya neno moja kati ya hayo mawili, na anayeitafuta lazima abahatishe.

Hasara ya desturi hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye kauli za baharini. Chukua "kwenda mrama". Jahazi likipigwa na mawimbi ya ubavuni hulala upande huu, likainuka, likalala upande ule. Mlingoti unachora nusu duara angani, shehena inataka kuhama, abiria wanashika chochote kilicho karibu. Huko ndiko kwenda mrama. Chombo bado kinaelea, bado hakijazama, na nahodha angali ana usukani mkononi, ila mwendo umeharibika na asipofanya jambo upesi ajali itafuata. Sasa msikilize mtangazaji anayesema mazungumzo ya amani yamekwenda mrama. Kama anaijua bahari, amesema jambo mahususi sana: mazungumzo yanayumba, hayajavunjika, na bado kuna nafasi ya kuyaokoa. Kama haijui, amesema tu kwamba yameharibika. Maneno ni yaleyale, maana imepungua. Ndivyo ilivyo kwa "kung'oa nanga", ambayo waandishi wa michezo wa Kenya huitumia kila ligi inapoanza. Wachache kati yao wamewahi kusimama omo na kuona nanga ikivutwa.

Katika miaka ya 1880 alikuwapo Mombasa Mwingereza mmoja aliyeelewa kwamba kauli huokotwa pamoja na tukio lake. Huyu ni William Ernest Taylor, naye mmisionari. Alivaa kama watu wa mji, alikaa nao barazani, akasikiliza. Mwaka 1891 alichapisha kitabu kikubwa cha methali na misemo ya Waswahili, na ndani yake alijitahidi kueleza kauli inatumikaje. Lakini nyuma ya Taylor alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Ni yeye aliyewaendea wazee kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyokuwa yamebaki vinywani mwao tangu Muyaka afariki karibu na mwaka 1840.

Muyaka aliishi wakati Mazrui wa Mombasa wakipambana na Seyyid Said wa Oman na Unguja, na tungo zake zilikuwa silaha katika ugomvi ule. Mafumbo yake yaliwalenga watu halisi na vita halisi, na wasikilizaji wa wakati wake hawakuhitaji kufafanuliwa nani anatajwa. Miaka hamsini baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa. Bila mtu kama Sikujua, aliyeweza kusema kauli hii ilikusudia kitu fulani, na ile ilimjibu mtu fulani, maneno yangebaki na sauti tu. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Wanafunzi wengi wa fasihi wanamjua Muyaka, baadhi wanamjua Taylor, lakini jina la Sikujua ni geni kwao. Naliona hilo kuwa deni.

Deni kama hilo tunadaiwa pia na mtu wa Mrima, pwani ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kikatoka kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jaladani lipo jina la Carl Velten, mhariri Mjerumani, lakini mkono ulioandika sehemu kubwa ni wa Mtoro. Humo mna maisha ya pwani tangu mtoto kuzaliwa hadi maiti kuzikwa: jando, unyago, ngoma, harusi, utani, utumwa, safari za bara, na viapo pia. Hakukusudia kuandika kamusi ya nahau. Alifanya kilicho bora zaidi: aliandika matendo yenyewe, yakiwa na maneno yake.

Chukua kauli ya "kuvunja ungo", inayosemwa juu ya msichana aliyeona damu yake ya kwanza. Ni pazia la heshima. Mama anaweza kuisema mbele ya wanaume na watoto bila kuona haya, na kila mkubwa akaelewa kwamba binti sasa ni mwali na kuna mambo ya kutengenezwa. Kauli hii haikubali kuguswa. Ukisema binti amevunja ungo mkubwa, au amevunja nyungo mbili, umekwisha kutoka kwenye nahau na kuingia jikoni, na wasikilizaji watatafuta vipande vya ungo sakafuni. Ugumu huo ndio unaoilinda. Lakini kwa nini mji mzima ulihitaji pazia la namna hiyo, na kwa nini kuvunja ungo kuliwafanya wanawake wazima wakutane na kazi ianze, hayo hayamo ndani ya maneno yale mawili. Yamo katika maisha aliyoyaandika Mtoro.

Yaliyompata huko Ulaya yanauma. Wanafunzi wa Kijerumani, wengi wao wakijiandaa kwenda kutawala makoloni, hawakumstahi mwalimu Mwafrika, naye alilalamika rasmi. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1905 walisafiri pamoja kurudi Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni haikukubali wakae nchini wakiwa mume na mke. Iliwabidi wageuze. Baadaye alifundisha Hamburg, na akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha Wajerumani jinsi Waswahili wanavyomkaribisha mgeni alizuiwa mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe.

Wakati wanaume hawa wakiandika vitabu, wanawake wa pwani walikuwa wanaandika juu ya nguo. Kanga ilianza mwishoni mwa karne ya 19, leso za kununua zilipounganishwa kuwa nguo moja pana, na ndiyo maana Mombasa wengi wanaendelea kuiita leso. Baadaye pakaongezwa jina, ule mstari wa maneno ulio juu ya pindo la chini. Duka maarufu la Mombasa linalojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lililoanzishwa mwaka 1887, ndilo linalotajwa sana katika simulizi za mwanzo wa majina hayo. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi.

Kanga ilifanya jambo ambalo hakuna kamusi iliyoweza kulifanya: iliipa kauli mwili wa kuibeba na jirani wa kuisoma. Tazama jina moja linalojulikana sana: "Japo sipati tamaa sikati". Nahau ni "kukata tamaa". Hapa imegeuzwa, nomino ikatangulia, kitenzi kikaja nyuma na ukanushi wake, ili "sipati" na "sikati" viitikiane. Imepinduliwa na bado imesimama. Kwa hiyo ile kanuni kwamba nahau haikubali kuguswa ina mipaka yake, na mipaka hiyo wanaijua wenye lugha. Ungo hauguswi, tamaa inageuzwa. Hakuna mwanamke aliyehitaji mtaalamu wa sarufi amwambie lipi linafaa. Halafu maana ya jina lile hubadilika kulingana na anayelivaa na anayekutana naye. Mke akimpa mumewe, ni subira. Jirani akilivaa siku ya harusi ya mwenzake, ni jambo jingine kabisa, na aliyelengwa anajua. Akiulizwa, mvaaji atajibu kwamba yeye amenunua kanga kwa sababu ya rangi. Siti binti Saad, mwimbaji aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo na kuvunja mazoea ya taarabu iliyoimbwa kwa Kiarabu, alikulia katika ufundi huohuo wa kusema bila kutaja.

Mwaka huohuo wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kwa miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika. Ilisanifisha tahajia, ikakagua vitabu, ikatoa kamusi kubwa ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Sina ugomvi na tahajia. Lakini ukifungua kamusi ile kwenye "piga" unaona msururu mrefu wa kauli zilizopangwa kama mizigo bandarini, na huoni nani alizifanya wala lini. "Kupiga simu" ni mfano mzuri. Simu, kwa asili, ni waya. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na ujumbe ulipitishwa kwa kugongagonga chombo kwa mkono. Kupiga kulikuwa kupiga kweli. Leo kidole kinagusa kioo, na mtu anapiga simu vilevile.

Turudi kwenye kiapo, kwa sababu mwaka 1952 kililiwa tena kwa maana yake kamili. Wakikuyu nao husema mtu anakula kiapo, kwa maneno yanayolingana na yetu neno kwa neno. Katika viapo vya umoja na vya Mau Mau, usiku, ndani ya nyumba au msituni, watu walipita chini ya tao la migomba, wakaonjeshwa nyama ya mbuzi, wakaapa kutetea ardhi na kutotoa siri. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na muda si mrefu kumlisha mtu kiapo kukawa kosa linaloweza kumpeleka mtu kitanzini.

Hapo Kiswahili kilionyesha uhodari wake. Kwa kuongeza viambishi viwili tu, kauli iligawanya watu. Huyu alikula kiapo. Yule alilishwa. Wa kwanza alikwenda kwa hiari, wa pili alishikwa shingo, na mbele ya maofisa waliowahoji tofauti hiyo ilikuwa ya kufa na kupona. Serikali, kwa ushauri wa watu waliojua mila za Wakikuyu, iliandaa ibada za kuwatakasa waliokula. Wakikuyu walikuwa na desturi ya zamani ya utakaso wa kutapika, ambayo Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Na katika kambi za kizuizini mahabusu walishinikizwa wakiri, waitoe sumu iliyomo tumboni. Mantiki ni ileile: kilicholiwa hutapikwa. Wakoloni hawakutosheka na kumtaka mtu aseme "naghairi". Walilazimika kuifuata nahau hadi mwisho wake.

Miaka michache baadaye kauli nyingine ilibadilika mbele ya macho ya watu. "Kupiga kura" kulikuwa kutupa kura ili bahati iamue nani apate nini. Watoto wakitaka kujua nani aanze mchezo bado hupiga kura za namna hiyo. Uchaguzi wa mwaka 1957 Zanzibar na Kenya, na ule wa Tanganyika ulioanza mwaka 1958, uliichukua kauli ya bahati ukaifanya ya hiari. Ule wa Tanganyika ulikuwa na masharti ya kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Chama cha TANU kilikutana Tabora Januari 1958, kikajadiliana kwa uchungu, kikaamua kushiriki. Kura iliyokuwa ya bahati ikawa chombo cha kudai nchi.

Lakini mahali ambapo nahau na utawala viligongana kwa kishindo zaidi ni Kenya, baada ya Mzee Kenyatta kufariki tarehe 22 Agosti 1978. Daniel arap Moi, makamu wake, aliwaahidi wananchi kwamba angefuata nyayo za Mzee. Ilikuwa ahadi ya unyenyekevu na ilipokewa hivyo. Kufuata nyayo ni kukanyaga alipokanyaga aliyetangulia. Kauli ina watu wawili ndani yake: aliye mbele na aliye nyuma.

Kisha kauli ikaanza kukatwa. "Kufuata" likaanguka, "za Mzee" likaanguka, ikabaki Nyayo peke yake, kwa herufi kubwa. Kuanzia mwaka 1979 watoto wa shule za msingi walikunywa maziwa ya Nyayo. Wengi wa rika lile hawajaisahau pakiti ile ya pembe tatu, na ni haki kusema kwamba walifurahi. Ukajengwa uwanja wa Nyayo. Yakaja mabasi ya Nyayo, mashamba ya chai ya Nyayo, hata gari la Nyayo Pioneer lililozinduliwa mwaka 1990. Nyayo ikawa falsafa ya amani, upendo na umoja. Na sasa nyayo hazikuwa za Kenyatta tena. Septemba 1984, aliporudi kutoka Addis Ababa, Moi aliwataka mawaziri wake na wengineo waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye alivyoimba nyuma ya Kenyatta. Aliye nyuma alikuwa amehamia mbele.

Katikati ya Nairobi likasimama jengo refu la serikali, Nyayo House. Katika miaka ya 1980, hasa msako wa kundi la upinzani la Mwakenya ulipopamba moto, watu waliteremshwa chini ya jengo lile. Vyumba vilikuwa vya giza, vikijazwa maji, na waliofungwa humo walisimama majini siku kadhaa, wakipigwa na kuhojiwa hadi wakiri. Walikuwamo wahadhiri, wanafunzi, waandishi. Nje, watoto waliendelea kunywa maziwa yenye jina lilelile. Kauli iliyoanza kama heshima ya mrithi kwa marehemu ikawa, kwa Wakenya wengi, neno la kunong'onezwa. Mwaka 2003, baada ya chama cha KANU kuondoka madarakani, vyumba vile vilifunguliwa umma ukaviona. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru baadhi ya walioteswa walipwe fidia. Sijui nahau nyingine ya Kiswahili iliyopewa na mtawala kazi nyingi kiasi kile, wala iliyokuja kumshtaki kwa nguvu kiasi kile. Mtawala anaweza kuchagua kauli. Maana yake itajazwa na anachokitenda.

Tanzania nayo ina yake. Baada ya vita vya Kagera, nchi ikiwa imechoka, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Bibi zetu walikuwa na kufunga kibwebwe, ambako ni kujikaza kwa ajili ya kazi. Kufunga mkanda ni kujikaza kwa ajili ya njaa. Miezi 18 ilipita, na duka lilikuwa bado halina sabuni wala sukari. Kwa waliokuwapo, kauli ile ina harufu ya foleni hadi leo.

Novemba 2015 Rais John Magufuli, akilihutubia Bunge mjini Dodoma kwa mara ya kwanza, alizungumzia kutumbua majipu. Kila mtu aliyekulia nyumbani kwetu analijua jipu: linavyovimba, linavyopwita usiku, na kwamba halina dawa isipokuwa kukamuliwa, na kukamuliwa kunauma. Mwili ni nchi, jipu ni ufisadi, mkono ni wa rais. Baada ya wiki chache, sakata la makontena ya bandari ya Dar es Salaam likiwa limewaondoa wakubwa kadhaa kazini, kauli ilikuwa mdomoni mwa nchi nzima. Halafu wananchi wakaifanyia kazi yao. Kwanza mtu mwenyewe akawa jipu. Kisha jipu likadondoka kabisa, kikabaki kitenzi: fulani katumbuliwa. Na kwa kudondoka huko, hukumu nayo ikadondoka. "Jipu limetumbuliwa" ilisema aliyeondolewa alikuwa na uchafu. "Katumbuliwa" inasema tu kwamba ameondolewa, awe mwizi au mtu safi aliyepishana na wakubwa. Magufuli alifariki Machi 2021, lakini makocha wa mpira wanatumbuliwa hadi sasa. Watu waliona kwamba si kila aliyefukuzwa alikuwa na hatia, na lugha yao ikarekebisha kauli ya rais bila kuandamana.

Tumebarikiwa kuishi wakati ambao tumeiona nahau ikizaliwa, na tunajua siku, mahali na msemaji. Nahau zilizotangulia hazina bahati hiyo, na wanaozijua wanaondoka. Manahodha waliokwenda Lamu, Unguja na Muscat kwa tanga, bila mashine, wamebaki wachache. Makungwi waliowafunda binti zetu mambo ya unyago wamezeeka. Naziomba idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu, Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa, ziwatume wanafunzi wao wakakae na watu hawa, si kukusanya orodha ya kauli, maana orodha tunazo, bali kuandika tendo lililo nyuma ya kila kauli: nani alilifanya, wapi, na kwa nini. Nawe msomaji uliye na mzee nyumbani, anza wiki hii na kauli moja tu unayomsikia akiitumia. Muulize, andika anachosema kama anavyosema, na juu ya karatasi hiyo liandike jina lake kabla ya lako.